Pinki Haibebi Mzigo

Wasee, tuongee ukweli. Kenya ilipiga uwindaji marufuku 1977, so hakuna dem wa Kitui anatafuta begi la kubebea swara. Lakini mzigo tunabeba! Mtungi wa lita 20 ni kilo 20, na susu wangu ameubeba miaka yote kwa mukwa, ule ukanda wa kupitisha kichwani. Halafu muuzaji ananiambia begi hili ni la wanawake juu ni pinki. Ati?

Mgongo haujui rangi. Pima kutoka kile kifupa kinachotokeza shingoni ukiinama, hadi usawa wa juu wa nyonga. Huo ndio urefu wa begi lako, hata kama wewe ni mrefu aje. Mkanda wa kiuno ukae juu ya mifupa ya nyonga, ubebe uzito mwingi. Mabega yasaidie tu.

Wanasema ukizunguka jiwe la Nzambani mara saba unabadilika jinsia. Nikilipanda na begi la kiume likinikata kifua, naona heri nizunguke.

Majuzi huko Wote nilipata moja poa ya mtumba. Muuzaji alikuwa ameukata mkanda wa kiuno, eti unaharibu sura. Na bado alitaka bei ile ile.