Kijana anapopewa kazi ya kukaa na wazee

Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba, na kidato cha tano huanza Julai. Katikati hapo nyumba nyingi za Tanga zina kijana wa miaka 16 au 17 anayelala mpaka saa nne asubuhi. Mtaa huohuo una bibi ambaye hajatoka uani wiki nzima kwa kukosa wa kumsindikiza.

Kuwakutanisha wawili hawa ni ajira halali. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, mradi isidhuru afya wala masomo. Kupanga viti vya mazoezi, kumpeleka babu kwenye bao, kusoma gazeti kwa sauti, kukaa na bibi anaposuka ukili: hizo ni nyepesi. Kumnyanyua mtu mzima kitandani peke yake, kusafisha kidonda au kugawa dawa za presha si kazi za mtoto, na hapa ndipo familia nyingi huteleza. Wanaanza na bao, mwezi wa pili kijana amekuwa muuguzi.

Shirika la Afya Duniani linashauri wenye miaka 65 na zaidi wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kuzuia kuanguka siku tatu au zaidi. Kwa joto la Tanga, yafanyike asubuhi mapema au jioni jua likipoa. Maji yawe karibu, kwani kiu hupungua kadiri umri unavyokwenda. Mzee asiyeomba maji huenda anayahitaji.

Hatari kubwa ni wakati wa kuinuka. Aliyekaa saa nzima kwenye bao, tena anatumia dawa za presha, anaweza kupata kizunguzungu akisimama ghafla. Kijana asimvute mkono. Amwache akae wima kidogo, achezeshe miguu, ndipo asimame akiwa na pa kushika. Akianguka, asimwinue haraka: aulize panapouma, aite mtu mzima. Aliyegonga kichwa au asiyeweza kusimama apelekwe hospitali.

Shikamoo itangulie kila siku. Bibi aliyelea watoto wanane hahitaji kupigiwa makofi kwa kuinua mkono. Na babu asiachiwe ushindi wa bao; atajua tu, na atanuna.

Malipo na saa vikubaliwe kabla ya siku ya kwanza, na fedha apewe kijana mwenyewe. Mjukuu ana zamu yake nyumbani. Mtoto wa jirani ameajiriwa. Kwa usalama wa wote wawili, kazi ifanyike barazani au mlango ukiwa wazi, na mtu mzima awepo.

Daftari la mahudhurio nalo lisikosekane. Mzee asiyekosa baraza akipotea siku mbili mfululizo, huenda huyo kijana ndiye wa kwanza kugundua. Awe na namba ya simu ya binti yake, na aruhusiwe kupiga bila kuogopa kuonekana mbeya.