Kabla ya kuifuta kompyuta, usome ujumbe

Juma hili tumeona tuzungumzie jambo ambalo wengi hudhani ni la wataalamu peke yao, ilhali limekwisha kuingia majumbani mwetu pamoja na kompyuta tulizowanunulia watoto.

Jirani yetu mmoja ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Hesabu zake huziandika katika faili la Excel, na binti yake aliye chuoni alimwandikia programu ndogo kwa lugha ya Python, inayosoma faili hilo na kutoa jumla ya hisa za kila mwanachama. Mambo yalikwenda vyema hadi walipohamia kompyuta nyingine. Siku mbili kabla ya siku ya kugawana, programu ikagoma. Wanachama waliposikia kwamba hesabu hazifunguki, minong'ono ikaanza. Mama akamkaripia binti. Fundi naye akashauri kompyuta ifutwe yote na kuanzwa upya, na humo zimo picha za marehemu babu.

Binti aliomba apewe muda, akatuonyesha ujumbe uliotokea: "Missing optional dependency 'openpyxl'". Maana yake ni kwamba kiungo cha hiari kiitwacho openpyxl hakipo. Programu ile hutegemea maktaba ya pandas, aliyoianzisha Wes McKinney mwaka 2008. Pandas haisomi yenyewe mafaili ya Excel yenye mkia wa .xlsx, bali huiachia kazi hiyo openpyxl. Na mtu anaposakinisha pandas kwa njia ya kawaida, openpyxl haiji nayo, kwa kuwa si kila mtu anayeihitaji. Kompyuta ya zamani ilikuwa nayo, hii haikuwa nayo. Hesabu zenyewe hazikuguswa.

Binti akatoa amri ya "pip install openpyxl", akajibiwa kwamba kazi imekamilika. Alipoendesha programu, ujumbe ukawa uleule! Hapa ndipo wengi hukata tamaa na kumwita fundi.

Sababu ni kwamba kompyuta moja yaweza kuwa na Python zaidi ya moja, na kila moja ina ghala lake. Kilichowekwa katika ghala la hii, ile haikioni. Ni sawa na kununua sukari ukaiweka katika kabati la jirani, kisha ukashangaa chai yako haina utamu. Kompyuta ile ilikuwa na Python mbili: moja aliyoiweka binti mwenyewe, na nyingine iliyokuja na Anaconda.

Likikufikeni jambo kama hili, fuateni hatua hizi:

Kwanza, mwanzoni kabisa mwa programu andikeni mistari miwili: "import sys", na chini yake "print(sys.executable)". Mtaonyeshwa mahali ilipo Python inayoiendesha programu hiyo.

Pili, toeni amri ya "pip --version". Jibu lake hutaja mahali ilipo Python ambayo pip hiyo inaitumikia. Zikiwa mbili tofauti, mmekwisha kuupata ugonjwa.

Tatu, andikeni anwani nzima iliyotokea katika hatua ya kwanza, kisha muongeze "-m pip install openpyxl". Hivyo Python ile ile inayokosa kiungo ndiyo itakayojiwekea.

Lakini jina la kiungo lihakikiwe herufi kwa herufi. Wapo watu waovu wanaoweka katika ghala la umma vifurushi vyenye majina yanayokaribiana na yale ya kweli, ili wawanase wenye haraka.

Na kazi ikishatengemaa, iorodhesheni kwa amri ya "python -m pip freeze > requirements.txt", mkitumia Python hiyo hiyo. Siku mtakapohamia kompyuta nyingine, "python -m pip install -r requirements.txt" itarudisha vyote. Bora zaidi, kila kazi ipewe mazingira yake kwa venv, iliyomo ndani ya Python tangu toleo la 3.3, ili ghala la kazi hii lisichanganyike na la ile.

Programu ya binti ilifunguka usiku ule ule. Siku ya kugawana, mama alisoma hisa moja baada ya nyingine, na kila mwanachama akalinganisha na daftari lake. Walipotawanyika, tulimsikia akimwambia binti yake, "Mwanangu, niwie radhi, nilikasirika kabla sijakuuliza." Binti akajibu, "Yamekwisha, mama."

Wazazi wenzetu, kijana wa nyumbani akisema kompyuta imegoma, tumwombe kwanza atusomee ujumbe ulioandikwa. Na kama ni lazima fundi aguse chochote, picha na hesabu zinakiliwe kwanza mahali pengine, nanyi mzifungue kwa macho yenu muhakikishe zimo.

Tukutane juma lijalo, inshaallah.