Mawasiliano duni yalivyokwamisha miradi mikubwa Tana River

KAUNTI ya Tana River haijawahi kukosa miradi mikubwa. Kwa zaidi ya miaka 40, kuanzia Bura na Hola hadi Garsen na vijiji vya delta, serikali na wawekezaji wamefika na mipango ya pamba, mpunga, miwa na mahindi. Kilichoadimika ni mradi uliofikia kiwango kilichoahidiwa siku ya kuzinduliwa.

Sababu ni nyingi. Mradi wa unyunyizaji wa Bura, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ulikusudiwa kumwagilia hekta 6,700 katika awamu ya kwanza, lakini ukaishia takriban hekta 2,500 baada ya gharama kupanda. Mradi wa mpunga wa Halmashauri ya Ustawi wa Mito ya Tana na Athi (TARDA) uliharibiwa na mafuriko ya El Nino ya 1997/98.

Ipo hata hivyo sababu moja ambayo haihitaji mabilioni kuirekebisha, nayo ni namna wakazi wanavyopashwa habari na kusikizwa.

Mwaka 2008, TARDA na kampuni ya Mumias Sugar zilipanga kupanda miwa katika eneo la hekta 20,000 hivi. Mradi ulipata leseni ya mazingira, na wahusika wakataja ajira, umeme na barabara. Miezi michache baadaye ikaripotiwa kwamba Qatar iliomba hekta 40,000 katika delta hiyo hiyo, huku ikitarajiwa kufadhili bandari mpya ya Lamu.

Mkazi wa Garsen alisikia hesabu za hekta, lakini hakujua ni hekta zipi. Kwa mkulima wa Kipokomo, swali lilikuwa iwapo shamba la kingo za mto, linalotegemea maji ya mafuriko, lingebaki lake. Kwa mfugaji wa Kiorma au Kiwardei, swali lilikuwa kuhusu malka, yaani njia za kuwafikisha mifugo mtoni, na malisho ya delta ambayo ndiyo kimbilio la mwisho wakati wa kiangazi.

Maswali hayo yalipokosa majibu barazani, yalipelekwa kortini. Mahakama ya Malindi ilisimamisha mradi wa miwa kwa muda mwaka 2008, na ingawa kesi hiyo haikufaulu hatimaye, miwa iliyoahidiwa haikupandwa. Februari 2013, katika kesi nyingine ya wakazi wa delta, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliagiza asasi za serikali ziandae mipango ya matumizi ya ardhi kwa kuwashirikisha wenyeji.

Kufikia wakati huo, zaidi ya watu 100 walikuwa wameuawa katika mapigano yaliyoanza Agosti 2012. Mauaji hayo yalikuwa na mizizi mingi, ikiwemo siasa za uchaguzi na ugomvi wa maji na malisho, na hayawezi kubebeshwa mradi mmoja. Lakini yalidhihirisha jinsi tetesi kuhusu ardhi zinavyoweza kuwa hatari mahali ambapo jamii tayari zinashukiana.

Jirani wa Tana River alipata funzo kama hilo. Mwaka 2018, Mahakama Kuu iliamuru wavuvi zaidi ya 4,000 wa Lamu walipwe fidia ya Sh1.76 bilioni kutokana na ujenzi wa bandari. Mwaka uliofuata, jopo la kitaifa la mazingira lilifuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe huko Lamu, likisema umma haukushirikishwa ipasavyo.

Wahandisi wengi hulalamika kwamba mashauriano huchelewesha kazi. Lakini mradi wa miwa ulipata leseni upesi, na kasi hiyo haikuufikisha popote. Kinyume chake, mpango wa matumizi ya ardhi wa Tana Delta ulichukua miaka kadhaa ya mikutano vijijini hadi ukazinduliwa mwaka 2015. Wakulima na wafugaji waliketi pamoja kujadili wapi palimwe, wapi palishwe na malka zipite wapi.

Mawasiliano ya aina hiyo ni tofauti na matangazo na hotuba za uzinduzi. Huanza kabla ya uamuzi kufanywa. Hutumia Kipokomo na Kiorma pamoja na Kiswahili, na hupitia kwa wazee wa gasa, viongozi wa wafugaji, vikundi vya wanawake na redio. Huzingatia kalenda pia, kwani wafugaji huhama delta wakati wa mvua. Mkutano ukiitishwa msimu huo, huwa umesikiza upande mmoja.

Muhimu zaidi ni kutaja hasara waziwazi: nani atahamishwa, malka ipi itafungwa, fidia italipwa lini na nani. Kisha wahusika warudi na majibu ya yaliyoulizwa. Katiba ya 2010 inataka umma ushirikishwe, na sheria ya mwaka 2016 inampa mwananchi haki ya kupata habari.

Suala hili litarejea iwapo bwawa la High Grand Falls, lililopangwa kwa miaka mingi sehemu za juu za mto Tana, litajengwa. Wakazi wa chini, waliofurikiwa mwishoni mwa 2023 na tena Aprili na Mei 2024, wana sababu ya kutaka mafuriko yadhibitiwe. Lakini mafuriko hayo hayo ndiyo hurutubisha mashamba na kuotesha nyasi.

Kuuliza si ujinga. Mkulima wa Garsen anastahili kujua ni maji kiasi gani yataachwa yateremke, na miezi gani. Jibu hilo lafaa kutolewa barazani kabla ya mkataba kutiwa saini, kwa sababu likikosekana huko, historia ya delta inaonyesha kwamba litatafutwa mahakamani.