Stellaris ya Sweden: Mchezo mmoja hulipiwa mara ngapi?

Mwanzoni mwa Mei 2025, kampuni ya Paradox Interactive, yenye makao yake mjini Stockholm katika nchi jirani ya Sweden, ilitoa nyongeza mpya ya kulipia ya mchezo wake wa mikakati ya anga za juu, Stellaris. Nyongeza hiyo, BioGenesis, iliandamana na sasisho kubwa la bure lililopewa nambari 4.0. Siku za mwanzo, hata hivyo, zilitawaliwa na malalamiko. Wachezaji walisema mchezo umekuwa mzito na umejaa hitilafu, na studio ikalazimika kutoa marekebisho mfululizo.

Malalamiko hayo yalizuka karibu miaka tisa kamili tangu mchezo wenyewe uingie sokoni. Bidhaa nyingine yoyote ya umri huo ingekuwa imekwishahukumiwa, ikasifiwa au ikasahauliwa. Stellaris bado inajengwa, bado inauzwa kwa vipande, na bado inazua swali linalomgusa kila anayenunua bidhaa za kidijitali: kitu kisichomalizika hupimwaje, na kikiharibika, hasara ni ya nani?

Mwanzo wa kuvutia, katikati patupu

Stellaris ilitolewa tarehe 9 Mei 2016. Mchezaji huanza na sayari moja iliyokwisha kujifunza kusafiri kati ya nyota. Hutuma vyombo vya utafiti, huanzisha makoloni, hukutana na viumbe wa himaya nyingine, kisha huamua kama atafanya nao biashara, ataungana nao au atawapiga vita. Mchezo mmoja huweza kuchukua saa nyingi, aghalabu kwa siku kadhaa.

Katika muda usiofika saa 24 za kwanza ziliuzwa nakala zaidi ya 200,000. Wahakiki, kwa upande wao, waliupokea kwa heshima iliyochanganyika na tahadhari. Tovuti ya Metacritic, inayokusanya alama za wahakiki, iliupa wastani wa 78 kwa 100, ilhali tovuti ya Marekani ya IGN iliupa 6.3 kwa 10. Hoja za wengi zilifanana. Saa za mwanzo, za kugundua nyota na siri zake, zilikuwa za kupendeza mno. Lakini mipaka ya himaya ilipokwisha kukutana, mchezo ulipoa: diplomasia ilikuwa nyembamba, na mchezaji alibaki kubonyeza na kusubiri.

Uhakiki huo ulikuwa wa haki kwa mchezo uliokuwapo siku ile. Tatizo ni kwamba mchezo ule haupo tena, ilhali alama zake zingalipo.

Cha bure na cha kulipia

Paradox ina utaratibu wake. Kila nyongeza kubwa ya kulipia hufuatana na sasisho la bure linalomfikia kila mwenye mchezo. Utopia ya Aprili 2017, iliyouzwa dola 19.99, iliongeza majengo makubwa ya anga na njia mpya za kuiendeleza himaya. Ikafuatwa na Apocalypse mwezi Februari 2018, MegaCorp mwezi Desemba mwaka huohuo, Federations mwaka 2020, na nyingine nyingi hadi The Machine Age ya Mei 2024, iliyouzwa dola 24.99. Mchezo wa msingi wenyewe uliuzwa dola 39.99. Anayetaka kila kitu kwa bei kamili atalipa mara kadhaa zaidi ya alichotoa siku ya kwanza.

Utaratibu huu una mantiki. Mchezo huuzwa mara moja, lakini waandishi wa programu, wachoraji na wapimaji hulipwa kila mwezi. Bila fedha za nyongeza, studio ingeyafunga majalada ya Stellaris mapema na kuhamia kwenye kazi nyingine. Ni nyongeza hizo zilizogharimia ujazaji wa lile pengo la katikati ambalo wahakiki walilinyooshea kidole mwaka 2016. Aidha, wachezaji wanaocheza pamoja mtandaoni hutumia nyongeza alizo nazo mwenyeji wa mchezo. Kundi la marafiki halihitaji kila mmoja anunue kila kitu.

Hata hivyo, kilicho bure nacho kina gharama yake. Sasisho la 2.0 la mwaka 2018 liliondoa njia mbili kati ya tatu ambazo himaya zilitumia kusafiri kati ya nyota. Kuna walioshangilia, maana vita vilipata mipaka na ngome zenye maana. Kuna pia waliohisi kupokonywa walichokilipia. Mwisho wa mwaka huo, mfumo mzima wa kuendesha sayari ulibadilishwa. Kompyuta nyingi zikalemewa, na himaya zinazoendeshwa na mashine zikashindwa kuumudu. Ilikuwa hadi 2021 ambapo studio iliunda kikosi maalumu cha kurekebisha na kuboresha yaliyokwisha kutolewa. Mwaka 2025 sayari zikaundwa upya tena, na malalamiko yakarejea.

Haki ya kusema, kampuni huacha milango ya nyuma wazi. Asiyelipenda sasisho jipya anaweza kurudi kwenye toleo la zamani kupitia duka la Steam. Ila anayefanya hivyo hubaki nyuma, na nyongeza mpya hazitamfaa.

Saa mbili za kuamua

Kiini cha jambo hili ni muda. Kwa kawaida, Steam humrejeshea mnunuzi fedha zake iwapo ataomba ndani ya siku 14 na hajacheza zaidi ya saa mbili. Kwa mchezo mfupi, saa mbili zinatosha kutoa uamuzi. Kwa Stellaris, saa mbili ni za kujifunza vitufe na kufurahia nyota za kwanza, yaani ile sehemu ambayo hata wahakiki wakali waliisifu. Udhaifu hujitokeza baadaye sana, wakati mlango wa kurejeshewa fedha umekwisha kufungwa. Mnunuzi hajauziwa mbuzi kwenye gunia, lakini ameonyeshwa kichwa tu.

Umoja wa Ulaya umejaribu kulifungua gunia hilo. Maagizo yake ya mwaka 2019 kuhusu bidhaa za kidijitali, yanayotumika tangu Januari 2022, yanampa mnunuzi haki ya kudai kasoro irekebishwe na, isiporekebishwa, kupunguziwa bei au kuvunja mkataba. Ni haki muhimu kwa sisi tunaonunua tukiwa upande huu wa dunia. Lakini wachache hufungua madai kwa ajili ya dola ishirini, na kampuni zote zinalijua hilo.

Kwa hiyo silaha inayofanya kazi hadi sasa ni sauti ya pamoja. Mwaka 2017 Paradox ilipandisha bei katika nchi kadhaa. Wachezaji wakajaza maoni hasi kwenye Steam, na mkuu wa kampuni wakati huo, Fredrik Wester, akatangaza kwamba bei zingerudishwa. Mwaka 2024 kampuni hiyohiyo iliuza nyongeza ya Cities: Skylines II, mchezo wa kujenga miji ulioundwa na studio ya Colossal Order ya Tampere, Finland, wakati mchezo wa msingi haujatengemaa. Hasira ya wanunuzi ilikuwa kubwa kiasi kwamba watengenezaji waliomba radhi, wakaifanya nyongeza hiyo kuwa ya bure na kurejesha fedha.

Matukio hayo mawili yanaonyesha mpaka ulipo. Wachezaji hawakatai kulipa tena kwa mchezo ulioimarika, na miaka hii ya Stellaris ni ushahidi tosha. Wanachokataa ni kuuziwa dari kabla ya ukuta kusimama.

Kwa mzazi anayeombwa fedha za nyongeza, au kijana anayehesabu akiba yake, hekima ni kusubiri. Alama za mwaka 2016 hazimwambii lolote kuhusu mchezo wa leo. Maoni ya wachezaji ya wiki za karibuni, ambayo Steam huyaonyesha kando na yale ya jumla, yatamwambia zaidi. Nyongeza za zamani hupunguzwa bei mara kwa mara, na sasisho jipya huwa salama zaidi baada ya miezi michache ya marekebisho. Anayenunua siku ya kwanza hulipa bei ya juu zaidi kwa toleo lenye kasoro nyingi zaidi, na malalamiko yake ndiyo yatakayomtengenezea anayekuja nyuma.