Homa Bay na Migori: Kwa nini hukumu moja haimalizi kesi ya uchaguzi

KESI mbili za ugavana kutoka kaunti jirani za Homa Bay na Migori zinadhihirisha jinsi mahakama za Kenya zinavyofanya kazi, na kwa nini wapigakura hutatizika hukumu inapogeuzwa.

Mnamo Februari 2018, Mahakama Kuu ilibatilisha ushindi wa Gavana wa Homa Bay, Bw Cyprian Awiti, katika kesi iliyowasilishwa na mpinzani wake, Bw Oyugi Magwanga. Julai mwaka huo, Mahakama ya Rufaa iliunga mkono hukumu hiyo. Hata hivyo, Februari 2019 Mahakama ya Juu iliyatupilia mbali maamuzi yote mawili, na Bw Awiti akasalia afisini hadi 2022.

Migori ilikuwa imepitia hali kama hiyo. Baada ya uchaguzi wa 2013, Mahakama Kuu iliidhinisha ushindi wa Bw Okoth Obado, Mahakama ya Rufaa ikaubatilisha, kisha mwaka wa 2014 Mahakama ya Juu ikaurejesha.

Kwa mwananchi wa kawaida, haya huonekana kama mvutano wa majaji. Ukweli ni kwamba kila ngazi ina swali lake. Mahakama Kuu husikiliza mashahidi na kupima ushahidi. Katika kesi kama hizi, Mahakama ya Rufaa huangalia masuala ya kisheria pekee. Mahakama ya Juu nayo hushughulikia tafsiri ya Katiba au jambo lenye uzito kwa umma.

Isitoshe, mzigo wa kuthibitisha madai humwangukia mlalamishi. Sheria ya Uchaguzi haibatilishi kura kwa sababu ya kila kosa. Ni sharti ionyeshwe ama kwamba misingi ya Katiba ilikiukwa, ama kwamba makosa hayo yaliathiri matokeo.

Utaratibu huu una gharama yake. Homa Bay ilikaa mwaka mmoja na nusu ikiongozwa na gavana ambaye uhalali wake ulikuwa ungali kortini.

Tena, kesi lazima iwasilishwe ndani ya siku 28 baada ya matokeo kutangazwa. Kwa hivyo, anayenuia kwenda kortini hana budi kuanza kutafuta ushahidi kituoni, siku yenyewe ya kura: maajenti walio macho na fomu za matokeo zilizotiwa saini. Manung'uniko ya mikutano ya hadhara hayana nafasi mbele ya jaji.