Muhuri wa ‘hairudishwi’ usikufunge mdomo

Chukua risiti yoyote uliyopewa kwa duka la vifaa vya umeme, uisome pale chini. Utapata muhuri wa wino mwekundu, umegongwa ukipinda: bidhaa ikishauzwa hairudishwi, na pesa hazirejeshwi. Wengi wetu tukiuona tunanywea, utadhani ni hakimu aliyeuandika. Mwenye duka anautegemea huo unyonge wetu, kwa sababu kama kitu alikuuzia kikiwa kibovu, muhuri huo hauna nguvu yoyote kisheria.

Nina jirani hapa Githurai, dada anayeuza juisi na maziwa mala. Alikopa kwa chama akanunua friji ya Sh32,000 katika duka moja katikati ya jiji. Kijana wa duka aliichomeka kwa soketi, taa ya ndani ikawaka, kompresa ikanguruma kidogo. “Madam, umejionea mwenyewe inafanya kazi, sivyo?” Akasema ndiyo. Akalipa kwa M-Pesa, risiti ikagongwa muhuri, akakodi pikapu hadi nyumbani. Siku ya nne juisi ya maembe ilikuwa vuguvugu na imeanza kutoa povu.

Aliporudi dukani aliambiwa aliijaribu mwenyewe. Kisha wakasema ni stima ya ploti yao iliyoiharibu. Hatimaye wakamwambia aipeleke kwa mafundi wa kampuni huko Industrial Area, nao wakamwambia asubiri spea, labda wiki tatu. Wakati huo wote, chama kilikuwa kinataka pesa zake kila Jumapili. Chama hakijui mambo ya spea.

Sasa wewe msomaji, hebu tulia kidogo kwa hilo neno “uliijaribu mwenyewe”, maana ndilo linalotumaliza. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, ambayo ni ya kitambo sana hapa nchini, inasema kitu unachouziwa na mtu ambaye kazi yake ni kuuza vitu hivyo lazima kiwe cha ubora unaokubalika. Ni kweli kwamba ukikikagua, huwezi baadaye kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulifaa kukuonyesha. Kwa mfano, kama mlango wa friji ulikuwa umebonyea ukautazama na ukanunua hivyo hivyo, hapo umejichongea. Lakini friji huchukua saa kadhaa kupoa. Dakika mbili kwa soketi ya duka zinaonyesha tu kwamba balbu inawaka. Hakuna mteja anayeweza kusimama pale tangu asubuhi hadi jioni akingojea maji yagande.

Juu ya hiyo kuna Sheria ya Kuwalinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka 2012. Inasema masharti yoyote ya muuzaji yanayojaribu kuifuta dhamana hiyo ya ubora ni batili. Yaani hata ungetia sahihi kwamba umekubali friji hairudishwi, sahihi hiyo haimwokoi aliyekuuzia kitu kibovu. Na juu ya zote kuna Katiba yenyewe, Ibara ya 46, inayokupa haki ya bidhaa za ubora unaofaa na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro.

Tusidanganyane lakini. Haki hii ni ya kitu chenye hitilafu. Kama ulinunua maikrowevu nyekundu halafu mpenzi wako akasema haifanani na sofa, hiyo ni shida yenu wawili. Duka linaweza kukubadilishia kwa hisani na pia linaweza kukataa. Ukinunua kitu cha mtumba na muuzaji akakwambia wazi kwamba taimu yake haifanyi kazi, usirudi wiki ijayo kulia kuhusu taimu.

Na wenye maduka nao wana kilio chao, nitakuwa muongo nikikinyamazia. Kuna wateja wajanja. Mtu ananunua televisheni kubwa Ijumaa, anaangalia fainali na marafiki, Jumatatu anairudisha akidai ina mistari. Wengine hufunguliwa kifaa na fundi wa mtaani, kinatolewa sehemu nzuri na kuwekwa mbovu, halafu ndio wanakumbuka waranti. Muuzaji ana haki ya kukagua kabla ya kukubali. Lile nisilolikubali ni kumwadhibu kila mteja kwa makosa ya hao wachache, tena kwa kutumia muhuri.

Waranti nayo imegeuzwa mtego. Karatasi ya kampuni inapoahidi kukutengenezea kifaa kwa mwaka mmoja, hiyo ni ahadi ya ziada. Aliyepokea pesa zako ni duka, na wajibu wa duka haufi kwa sababu kiwandani pia kuna mtu aliyeahidi kitu. Kama aliyewaletea mzigo hataki kuupokea tena, hilo wamalizane wenyewe huko.

Kinachoweza kukuponza ni kukawia. Ukikaa na kifaa muda mrefu bila kusema neno, sheria inakuhesabu umekikubali, na hapo utabaki kudai fidia tu, si kukirudisha. Sheria haitaji idadi ya siku, inataka uwe umesema ndani ya muda unaofaa. Kwa hivyo siku unapogundua shida, acha kukitumia, kirekodi kwa video kikikataa kufanya kazi, kisha waandikie. Usipige simu tu, andika, hata kama ni kwa WhatsApp, ili tarehe ibaki. Usikiguse kwa bisibisi. Ujumbe wa M-Pesa ni ushahidi wa malipo hata risiti ikipotea, kwa hivyo usiufute.

Najua unachofikiria: nani ana muda wa kwenda kortini kwa sababu ya friji? Nilifikiria hivyo hivyo nilipoungukiwa na blenda ya Sh2,800 wiki ya pili. Nilipiga hesabu ya nauli na foleni nikaamua liwe liwalo. Mpaka leo iko juu ya kabati. Lakini kuna Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, unajiwakilisha mwenyewe bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Malalamishi pia hupokelewa na Mamlaka ya Ushindani, ile watu huiita CAK. Mara nyingi kutaja hizi mbili kwa maandishi kunatosha.

Ndivyo ilivyokuwa kwa jirani yangu. Tuliketi kwa ngazi ya ploti tukaandika barua ya ukurasa mmoja: siku aliyonunua, siku friji ilipokataa, majibu aliyopewa, na kwamba anataka friji nyingine au pesa zake kwa siku saba, la sivyo anaelekea kwa mahakama hiyo. Siku ya tano simu ikalia. “Madam, mbona unatupeleka mbali hivyo? Kuja tuongee.”

Alipewa friji mpya. Hii inagandisha. Nilimwambia adai pia pesa za pikapu, aliyoilipa mara tatu, na juisi aliyoimwaga, kwa sababu hasara ni yake na Katiba imeitaja. Akanitazama tu. Akasema yeye amechoka, na kesho ni Jumapili, chama kinamngoja.