TAHARIRI: Rufaa ni Haki, Si Kichaka cha Mlevi

Ndugu Waislamu, barabara ya Segera kwenda Moshi inapita Korogwe, jirani nasi hapa Kilole, na wengi wanaoendesha humo ni watoto wetu. Mmoja wao anapotiwa hatiani kwa kuendesha gari akiwa amelewa, jamaa zake huja msikitini kuomba mchango wa rufaa. Je, tutoe?

Kukata rufaa si kuasi hukumu. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar (r.a.) alimwandikia Abu Musa al-Ash'ari kuwa hukumu ya jana isimzuie kuirejea haki inapombainikia. Sheria ya nchi nayo inampa aliyehukumiwa na mahakama ya wilaya siku 10 za kutoa kusudio la rufaa, na siku 45 za kuiwasilisha Mahakama Kuu. Lakini aliyekiri kosa kwa kawaida hupinga adhabu tu. Kwa hiyo, ambaye hakulewa asikiri ili alipe faini aondoke.

Basi aliyedhulumiwa, ambaye kipimo chake kilikuwa na kasoro au ushahidi haukutosha, tumchangie. Ama aliyekunywa kweli, kisha akatafuta shahidi wa uongo ili aponyoke, asiguse sadaka za msikiti. Suratun-Nisaa, aya ya 135, inatuamrisha kusimamia uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu na jamaa zetu. Mahakama ikimwachia huru, bado anadaiwa toba kwa Mola wake.

Wabillahi tawfiq.